Hotspoti Ipo, Kompyuta Haiioni

Dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu linapofunguliwa, kompyuta mpakato zilizolala juu ya makabati huamshwa. Mengi siku hizi yanafanyika kwa simu, lakini kupakia vyeti vilivyoskaniwa, kuhakiki majina herufi kwa herufi na kuchapisha kurasa za kusainiwa ni kazi inayotaka kioo kipana na kibodi ya kweli. Basi simu inawekwa mezani kando ya kompyuta, bando linanunuliwa, hotspoti inawashwa. Kisha linakuja swali ambalo mafundi wa mitaani wamelizoea: mbona simu ya jirani inaiona hotspoti, na hii kompyuta haiioni?

Jibu la haraka ni kwamba kompyuta imezeeka, itafutwe nyingine. Mimi napinga. Mara nyingi kompyuta ni nzima kabisa. Simu ndiyo iliyopanda juu mno, nayo inatakiwa kushushwa ili mkubwa wake amsikie. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haihitaji hata bisibisi.

Tuitazame kwanza kompyuta yenyewe. Katika zile zinazouzwa kwa mtumba Kariakoo, au Nairobi kwenye maduka ya Luthuli Avenue, utakutana sana na koo tatu: Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi za makampuni na mashirika makubwa, zikatumika miaka michache, zikabadilishwa zote kwa mkupuo, zikauzwa kwa jumla na kupita mikono mingi, Dubai ikiwa kituo kimojawapo, hadi zikatufikia. Ndiyo maana zina bodi ngumu na kibodi nzuri, na wakati mwingine zinakuja na stika ya idara ya fedha ya mji ambao mnunuzi hajawahi kuusikia. Latitude E6420 na ThinkPad X220 zilitoka mwaka 2011. Ukiziwekea SSD na RAM ya GB 8, zinafungua Word na kivinjari bila kulalamika hadi leo. Mtu anayekwambia kompyuta ya namna hiyo ni chuma chakavu mara nyingi ana nyingine ya kukuuzia.

Mwaka huohuo wa 2011, Safaricom ilikuwa ikiuza nchini Kenya simu ndogo ya Huawei iitwayo IDEOS, kwa bei isiyofika shilingi 10,000 za Kenya. Ilitumia Android 2.2, toleo la mwaka 2010 ambalo ndilo lililoleta hotspoti kwenye Android: simu ikaweza kugawa intaneti yake hewani kwa vifaa hadi vinane. iPhone zilipata uwezo huo kwa iOS 4.3, Machi 2011. Kabla ya hapo mwenye laptopu alichomeka modemu ya USB yenye laini yake ndani, ikining'inia ubavuni mwa mashine na kuomba dua isigongwe na kiwiko. Mkongo wa Seacom ulikuwa umewashwa Julai 2009 na kuiunganisha pwani yetu na dunia kwa njia ya bahari, badala ya kutegemea setilaiti tu, na data ikaanza kuwa kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukigawia mwingine.

IDEOS na Latitude ya mwaka wake zilielewana bila mshenga. Zilikuwa na masafa yaleyale na ulinzi uleule wa paswedi. Kompyuta ile haijabadilika tangu hapo. Ni simu zilizoendelea na safari, toleo baada ya toleo, na katika kila toleo watengenezaji wamekuwa wakichagua kwa niaba yetu mipangilio inayowapendeza wenye vifaa vipya.

Hapa inabidi tuingie kidogo ndani ya mambo. Simu yenye hotspoti inatumia redio mbili. Moja inapokea intaneti kutoka mnarani. Ya pili, ya Wi-Fi, inaitawanya chumbani. Hiyo ya pili inaweza kurusha kwenye gigahezi 2.4 au gigahezi 5. Kadi nyingi za Wi-Fi za bei ya chini zilizofungwa kwenye kompyuta za enzi ile zilijengwa kwa 2.4 peke yake. Simu ikirusha kwa 5, kadi hizo hazipati hata dalili, kama redio ya zamani yenye mediamu wevu tu inavyopita katikati ya stesheni za FM bila kujua kwamba zipo. Ndiyo sababu jina la hotspoti halitokei kabisa kwenye orodha. Ukiona hali hiyo, yaani simu nyingine zinaiona na kompyuta haioni chochote, acha kuhangaika na paswedi. Mara nyingi shida ni masafa.

Inawezekana kujua mapema kadi yako ni ya kundi gani. Intel, ambayo kadi zake zimejaa kwenye mashine hizi, ilikuwa na utaratibu mzuri wa majina: iliyoandikwa Centrino Wireless-N kwa kawaida husikia 2.4 tu, na iliyoandikwa Centrino Advanced-N au Ultimate-N husikia zote mbili. Laptopu mbili za modeli moja, zilizokaa kaunta moja, zinaweza kuwa na kadi tofauti, kwa sababu kampuni iliyoziagiza zikiwa mpya ndiyo iliyochagua ilipe kiasi gani. Kama kadi si ya Intel, fungua kidirisha cheusi cha amri kwenye Windows uandike "netsh wlan show drivers". Katika majibu kuna mstari unaotaja aina za redio: 802.11b, 802.11g, 802.11n na kadhalika. Ukikuta herufi a imo, yaani 802.11a, kadi inafika gigahezi 5. Ukikuta b, g na n bila a, haifiki, na hakuna programu ya kuifikisha.

Tiba iko upande wa simu. Kwenye Android, ingia katika mipangilio ya hotspoti utafute mahali pa kuchagua masafa; Samsung, Tecno na Xiaomi kila mmoja amepaficha kwa namna yake, lakini kwa kawaida utakuta 2.4 na 5 zimeandikwa kwa tarakimu. Chagua 2.4. Kwenye iPhone, kuanzia iPhone 12, kuna swichi iitwayo "Maximize Compatibility" katika ukurasa wa hotspoti. Ukiiwasha, simu inashuka kwenye 2.4. Watu wengi wana iPhone hizo kwa miaka na hawajawahi kuigusa, kwa kuwa maneno yale hayasemi lolote kuhusu laptopu ya baba.

Kuna wanaoogopa kwamba kushuka huko kutaifanya intaneti iwe ya kobe. Hofu hiyo haina mashiko kwa matumizi ya nyumbani. Hata kadi ya kiwango cha 802.11g, cha mwaka 2003, inayotajwa kuwa na megabiti 54 kwa sekunde, kwa vitendo hupitisha kama megabiti 20. Mkutano wa Zoom wenye picha nzuri hautaki hata 5. Sehemu nyingi tunazoishi, kinachobana ni mnara uliojaa watu saa mbili usiku. Kadi ya zamani ina nafasi ya kutosha na zaidi. Isitoshe, mawimbi ya 2.4 yanapenya kuta vizuri kuliko ya 5, na faida yake tutaiona mbele.

Ikiwa jina la hotspoti linaonekana lakini kompyuta inakataliwa kila ikijaribu kuunganika, ingawa paswedi ni sahihi, mtuhumiwa anayefuata ni ulinzi. Kompyuta za miaka hiyo zinajua WPA2, kiwango kilichotoka 2004. Mwaka 2018 kikaja WPA3, na simu nyingine sasa zinarusha hotspoti kwa WPA3, au kwa mchanganyiko wa viwango viwili. Mchanganyiko ungepaswa kumfaa kila mtu, lakini baadhi ya draiva za zamani zinaukuta na kuchanganyikiwa. Weka WPA2 pekee. Usiteremke zaidi ya hapo wala usiiache wazi bila paswedi, hata kama jirani ni mtu wa swala tano. Wenye Windows XP wanahitaji kuwa na Service Pack 3 ndipo WPA2 ifanye kazi ipasavyo, ingawa XP iliachwa na Microsoft Aprili 2014 na mimi nisingeiingiza mtandaoni kwa jambo lolote linalohusu fedha.

Jina la hotspoti nalo lina vituko vyake. iPhone hujiita kwa jina la mwenyewe na kutia alama ya mkato wa juu iliyopinda, ile ya umilikaji ya Kiingereza, na vifaa vingine vya zamani hujikwaa kwenye alama hiyo. Emoji ni vivyo hivyo. Lipe jina la herufi za kawaida tu, bila mbwembwe.

Halafu lipo kosa la kuchekesha, ambalo fundi mwaminifu hukuonyesha bure na fundi mjanja hukutoza. Kompyuta nyingi za ofisi za wakati ule zina swichi ya kushikika ya kuzima Wi-Fi. Kwenye Latitude na ThinkPad ni kiswichi kidogo cha kusukuma, ubavuni au ukingo wa mbele. Kwenye EliteBook ni kitufe chenye taa juu ya kibodi, taa inayogeuka rangi ya chungwa Wi-Fi ikizimwa. Begi linaweza kuisukuma swichi hiyo bila mtu kujua, na mashine ikaonekana haina Wi-Fi kwa miezi.

Sasa tuseme imeunganika. Alama ya Wi-Fi imejaa, simu inasema kifaa kimoja kimejiunga, lakini kila tovuti inaleta onyo kwamba si salama. Watu hulaumu bando, hulaumu mtandao, hulaumu serikali. Tazama saa iliyo pembeni chini ya kioo. Ndani ya kompyuta kuna kibetri kidogo cha mviringo kinachotunza saa umeme ukiwa haupo, nacho kikifa, mashine iliyokaa bila chaja huamka ikiamini tuko mwaka ilipotengenezwa au hata kabla yake. Tovuti zote za kuaminika hutumia vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni Januari 2009 inaviona vyeti vyote kuwa vya siku zijazo, inavikataa. Rekebisha tarehe, tovuti zinafunguka. Kibetri chenyewe ni cha bei ndogo. Kwenye kompyuta ya mezani unakibadilisha mwenyewe, kwenye laptopu mara nyingi kimefungwa kwa waya wake na ni bora kumwachia fundi.

Onyo likiendelea hata tarehe ikiwa sawa, kivinjari ndicho kilichopitwa. Chrome iliiacha Windows 7 baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Internet Explorer isahau.

Mpaka hapa simu imeshuka na kompyuta imeingia mtandaoni. Balaa la pili linaanzia hapo, na kwa mwenye kipato cha kuhesabu ni kubwa kuliko la kwanza: bando la wiki linaisha kabla ya chai ya saa nne.

Kompyuta ya ofisi ilizaliwa mahali ambapo intaneti inatoka ukutani na hailipiwi kwa MB. Ikiona Wi-Fi, inadhani iko nyumbani. Inaanza kushusha masasisho ya Windows, ambayo toleo kubwa linaweza kufika GB kadhaa. Kivinjari kinajisasisha, programu ya kutunza mafaili inapandisha picha zote za harusi mawinguni, na YouTube, ikiona kioo kipana, inachagua picha ya ubora ambao kwenye simu isingeuchagua. Mtu aliyefungua fomu moja tu ya kurasa nne anabaki anashangaa.

Simu ya Android ikijiunga na hotspoti ya simu nyingine ya Android, simu inayorusha hutuma ujumbe mfupi wakati wa kugawa anwani, kumjulisha mwenzake kwamba data hii ni ya kulipiwa. Aliyepokea anajizuia: hapakui masasisho makubwa, hapandishi picha. Ni adabu nzuri iliyowekwa ndani ya mfumo. Windows ya zamani haielewi ujumbe huo, ikala kama iliyoalikwa. Kwa hiyo inabidi binadamu aseme kwa niaba ya simu. Kwenye Windows 8, iliyotoka 2012, na zilizofuata, unaweza kuuweka mtandao husika kuwa wenye kikomo. Katika Windows 10, fungua mipangilio ya Wi-Fi, bofya jina la hotspoti, washa "metered connection". Masasisho mengi yatasubiri. Windows 7 haina kitu hicho kwa Wi-Fi, na msaada wake uliisha Januari 2020, kwa hiyo cha kusasisha si kingi, lakini programu nyingine bado zinakula. Zizime moja moja kwenye orodha ya zinazojiwasha zenyewe.

Hilo halizuii ulaji wako mwenyewe. Mkutano wa Zoom wa watu wengi unaweza kuchukua kati ya MB 800 na GB 2.4 kwa saa, kutegemea ubora wa picha. Zima video, sikiliza. Mwenyekiti ataelewa, na kama haelewi akununulie bando.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie waya wa USB, wenye kasi, unaochaji simu papo hapo na usiojali masafa wala WPA. Ni swali la haki. Waya ndio mkombozi pale ambapo kadi ya Wi-Fi imekufa, au pale mtu anapoweka Linux kwenye mashine ya zamani na kukuta kadi ya Broadcom inahitaji draiva ambayo lazima ishushwe mtandaoni. Simu iliyochomekwa kwa USB mara nyingi hutambuliwa na Linux papo kwa papo, ikakutoa kwenye mzunguko huo. Bluetooth nayo inagawa intaneti, na inakula betri kidogo kuliko Wi-Fi, ila kasi yake kwenye laptopu za zamani haifiki megabiti 3. Kwa barua pepe inatosha. Kwa zaidi ya hapo utazeeka.

Lakini Wi-Fi ina jambo moja ambalo waya hauwezi kulitoa, na wanaoishi pembezoni mwa mnara wanalijua. Ndani ya nyumba ya bati, simu inaonyesha herufi E na kukata tamaa. Dirishani, au kwenye tawi la mwembe, inapata 3G au hata 4G. Kwa waya, wewe na kompyuta mngelazimika kukaa hapo kwenye mwembe. Kwa hotspoti, simu inakaa penye mtandao na wewe unakaa penye kivuli, meza na soketi, na yale mawimbi ya 2.4 yanapita ukutani kukufuata. Mwalimu anayejaza alama za darasa zima kwa mfumo wa mtandaoni anaweza kumaliza kazi jioni moja kwa mpangilio huo. Tahadhari ni joto: simu inayorusha hotspoti huku inachaji, juu ya godoro au kwenye jua la dirishani, inachemka, na betri za lithiamu hazipendi hivyo. Itafutie kivuli na upepo, na usiiweke nyuma ya kompyuta pale feni inapotoa hewa ya moto.

Kuna pia usumbufu mdogo wa simu kuizima hotspoti yenyewe. Android nyingi huizima baada ya muda mfupi zisipoona kifaa kilichojiunga, kwa hiyo kompyuta ikilala, hotspoti nayo inaondoka. Mpangilio huo unaweza kuondolewa. iPhone inataka ukurasa wa hotspoti ubaki wazi kwenye kioo mpaka kompyuta ikamate.

Kama vipimo vyote vimefanyika na kadi ni mbovu kweli, kifaa kidogo cha USB cha Wi-Fi, chenye ukubwa wa kucha, kinamaliza kesi. Kabla ya kumruhusu fundi abadilishe kadi ya ndani, kumbuka kwamba HP na Lenovo za miaka ile zina orodha ya kadi zilizoruhusiwa ndani ya BIOS, na kadi isiyo kwenye orodha huifanya mashine igome kuwaka mpaka itolewe. Latitude hazina ubaguzi huo.

Linabaki suala la paswedi, ambalo ni la kijamii kuliko la kiufundi. WPA2 inataka herufi zisizopungua nane, na ndiyo maana 12345678 ndiyo paswedi maarufu ya hosteli. Kompyuta ikishaijua huikumbuka. Mwenzako uliyemrushia wiki iliyopita amtumie mama yake picha moja, leo ukiwasha hotspoti kwa ajili ya fomu yako, laptopu yake iliyo chumba cha pili inajiunga yenyewe, kimya, na kama ina masasisho yaliyokwama tangu mwezi jana, itayamalizia kwako. Tazama orodha ya waliojiunga kabla hujaanza kazi, na badilisha paswedi mara kwa mara. Simu nyingi za Android zinakuruhusu pia kuweka idadi ya juu ya vifaa. Ukiweka kimoja, wa pili itabidi aje kuomba kwa mdomo.